Kamera ya Kuvuta Mlima

Ugomvi wote ulianzishwa na ndege mmoja mwenye kifua chekundu. Jumapili hiyo fundi cherehani alikuwa amepanda mlima pamoja na wifi yake, na walipofika kwenye jabali la juu wakamkuta ndege huyo ametulia kichakani. Wakampiga picha kwa simu, wakashuka mbio mbio wakampelekee Mama.

Mama alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena.

"Hii ni ndege au uchafu wa kioo?"

"Ni ndege, Mama," alisema fundi. "Si yule wako wa kifua chekundu, uliyekuwa ukimwona kule juu?"

"Wangu ana mdomo na miguu. Huyu ni nukta."

Huyo Mama alikuwa mama mzazi wa wifi na mama mkwe wa fundi, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Posta. Alisambaza barua kwa miguu miaka thelathini na moja, jua na mvua, mkoba begani. Jumapili, watu wengine wanapopumzisha miguu, yeye alikuwa akiipeleka mlimani. Ndiye aliyemtoa fundi kwenye cherehani, wiki ya pili tu baada ya ndoa, akimwambia, "Inuka mwanangu, utaota mizizi hapo." Kuanzia siku hiyo wakawa watatu.

Mwaka uliopita magoti yakagoma. Daktari akasema kupanda mlima sasa mwisho. Mama hakulalamika, lakini kila Jumapili alfajiri alikuwa jikoni akiwajazia chupa za maji na kuwafungia mikate, kisha anawasindikiza hadi getini na kusimama pale mpaka wapotee kwenye kona. Wakirudi, anataka habari zote: maji ya mto yamefika wapi, njia imeliwa na mvua au bado. Na sasa wamemletea nukta.

"Tununue kamera," alisema wifi jioni ile ile.

Wifi alikuwa mwalimu wa hesabu, na kwa mwalimu wa hesabu jambo halianzi mpaka lipigiwe mistari. Kwa wiki tatu alisoma maoni ya watu mitandaoni, akachora jedwali kwenye daftari la miraba: uzito, uwezo wa kuvuta mbali, kustahimili maji, betri, bei. Kila kamera ikapewa alama kama mtihani wa mwisho wa muhula.

"Wifi," fundi alimwambia, "tunanunua kamera au tunatafuta mchumba?"

"Mchumba akikushinda unamrudisha kwao. Kamera ukishatoka nayo dukani, imetoka."

Bajeti yao ilikuwa ya kubana. Fundi alikuwa na pesa ya sare za shule alizoshona mwanzo wa muhula, wifi alikuwa na posho ya kusahihisha mitihani. Ukiziweka pamoja, zilitosha kamera moja ndogo, na si yoyote.

Duka la kamera lilikuwa ghorofani, juu ya tanuri la mikate, kwa hiyo hata lenzi za pale zilinukia mkate wa moto. Muuzaji alikuwa kijana mwembamba aliyebeba kitambaa cha kufutia vioo begani, na alipowaona tu akachomoa kamera kubwa kuliko zote.

"Dada zangu, hii ndiyo kamera ya mtu anayejiheshimu. Lenzi unabadilisha utakavyo."

Fundi hakuuliza megapikseli wala nini. Aliivaa shingoni, akarudi nyuma hatua mbili, kisha akainama kama mtu anayevuka mto kwa kushika mawe. Kamera ikapaa mbele, ikabembea, ikagonga kabati la kioo: ko! Muuzaji akafumba macho.

"Hii itanizamisha," fundi alisema, akiivua taratibu. "Tuonyeshe ya kuingia mfukoni."

Zikatolewa ndogo, moja baada ya nyingine. Wifi alisoma jedwali, fundi akasoma kwa mikono. Alizipima kwa futi yake ya kushonea, akazitia mfukoni mwa koti na kuchuchumaa, akajaribu kuziwasha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mwavuli wa muuzaji. Moja aliikataa kwa sababu vitufe vyake vilikuwa vidogo kama punje za mchele. Nyingine aliigeuza, akasoma boksi lake kwa sauti.

"Wameandika hapa ina wifi."

"Naam, hiyo ni nzuri sana," muuzaji akadakia, "inatuma picha moja kwa moja kwenye..."

"Hapana kaka, toa. Ninaye mmoja tu na ananimaliza. Sitaki mwingine wa ndani ya kamera."

Muuzaji alicheka hadi kitambaa kikaanguka. Wifi hakucheka, ila mdomo wake ulikuwa unamsaliti.

Mwishowe zikabaki mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya chungwa, nene na ngumu, ya kuangushwa na kudumbukizwa majini isijali, lakini uwezo wake wa kuvuta mbali ulikuwa mdogo. Ya pili ilikuwa nyeusi, nyembamba, toleo la miaka miwili nyuma. Mtu aliinunua akairudisha baada ya wiki moja, kona yake ikiwa na mkwaruzo, ndiyo maana bei ilishuka ikawafikia. Hiyo ilivuta mara thelathini. Maji tu ndiyo haikuyataka.

"Ya chungwa ina alama arobaini na moja," wifi alisema. "Nyeusi thelathini na tisa. Tumemaliza."

"Jedwali lako limeshawahi kumwona ndege?"

"Na mvua ikitukuta njiani? Utaifunika na nini, maneno?"

"Nitaishonea mfuko wa kitambaa cha koti la mvua. Kwani mimi kazi yangu nini?"

"Na ikianguka?"

"Na wewe ukianguka? Mbona tunakubeba kila Jumapili na huna hata dhamana?"

Muuzaji alikuwa akigeuza shingo huku na huku kama mtu anayetazama mpira wa meza. Alitaka kusema kitu, lakini kabla hajasema wakasikia kishindo kwenye ngazi. Fimbo, mguu, mguu. Kimya. Fimbo, mguu, mguu. Mlangoni akatokea Mama Posta, skafu imekaa upande, uso umeng'aa kwa jasho.

"Mama!" wifi alipiga kelele. "Ngazi zote hizi!"

"Ishirini na mbili. Nimezipanda moja moja, katikati nikapumzika. Mwoka mikate kaniletea kiti." Akaketi kwenye stuli ya karibu bila kukaribishwa. "Nyie mmeondoka saa tatu, sasa hivi saa sita. Nikajua hapa mnagombana."

"Shikamoo, Mama," muuzaji alisema.

"Marahaba." Akamkodolea macho. "Wewe si wa ile nyumba ya geti la kijani? Baba yako alikuwa anapata barua kutoka kwa kaka yake kila mwisho wa mwezi."

Kijana akabaki mdomo wazi. "Mama Posta! Mbwa wetu alikuchania mkoba!"

"Alinichania mkoba na sketi. Mkoba ofisi ilinipa mwingine. Haya, ziko wapi hizo kamera?"

Duka lilikuwa na kibaraza kidogo kinachotazama mlima. Muuzaji akamsogezea stuli pale. Mama akaanza na ile ya chungwa, akavuta mpaka mwisho, akairudisha.

"Mlima ni ule ule, na uko mbali vile vile."

Akachukua nyeusi. Lenzi ikajitokeza polepole kama kobe anayetoa shingo. Mama akaegemeza viwiko kwenye ukuta wa kibaraza, akavuta mpaka mwisho. Wakasubiri. Chini kwenye mtaa mtu alikuwa akiburuta meza, na tanuri likatoa mkupuo mwingine wa mikate.

"Ule mti wa pembeni ya jabali umekatika tawi," alisema hatimaye. "Hamkuniambia."

Fundi na wifi wakatazamana. Walipita chini ya mti ule Jumapili tatu mfululizo. Hakuna aliyeinua macho.

Mama hakuiweka kamera chini. Aliendelea kuipitisha taratibu, kutoka jabali hadi njia, kutoka njia hadi chini msituni, kama aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba. Fundi alimwangalia mara moja, kisha akajifanya anatazama mtaani.

"Tutaichukua hii, Mama," alisema. "Tutakuletea picha nzuri, kila jiwe."

"Nani kasema anataka kuletewa?" Mama aligeuka. "Miaka thelathini na moja nimewapelekea watu vitu vya watu. Mimi nataka kupiga mwenyewe."

"Lakini Mama, magoti," wifi alisema. "Daktari..."

"Daktari kanikataza kupanda. Hakunikataza kukaa chini ya mlima. Gari linafika mpaka langoni mwa msitu, halifiki?"

Lilifika. Ajabu ni kwamba mwaka mzima hakuna aliyelifikiria hilo. Wifi alifungua daftari lake, akaongeza safu mpya pembeni, akaandika juu yake "Mama", na kwenye mstari wa kamera nyeusi akaweka kumi. Kisha akalifunga. Muuzaji akawapa kadi ya kumbukumbu bure, akisema ni fidia ya sketi.

Jumapili iliyofuata walishuka langoni watatu. Fundi alikuwa ameshona mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji, wenye kamba ya kuvaa shingoni na bitana laini ndani. Mlinzi wa msitu alimpa Mama kivuli cha kibanda chake, wakamwacha pale kwenye kiti cha kukunja, jabali likiwa juu yake moja kwa moja.

Walipofika juu walipunga mikono kama wendawazimu, ingawa hawakuweza kumtofautisha na kibanda. Wakapumzika. Fundi akafungua begi lake, akapekua, akapekua tena.

"Wifi, umeona mkate wangu?"

"Labda nyani," wifi alisema, akitazama mawingu. "Huku wako wengi."

Mvua ilianza walipokuwa kwenye njia ya kushuka. Walikimbia, wakateleza, wakaogopa kwa ajili ya magoti ya Mama na kamera yake. Walipotokeza langoni, wameloa chepechepe, walikuta kibanda kimejaa watu: mlinzi, familia moja iliyokuja matembezi, na katikati Mama Posta, mkavu kabisa, akiwaonyesha kioo cha kamera. Watu walikuwa wanacheka.

"Njooni muone," Mama aliita. "Nimepiga mia mbili na kumi na nne."

Ndege alikuwemo, ana mdomo, ana miguu, na ana jicho linalokutazama kwa dharau. Kulikuwa na kinyonga, kulikuwa na majani yenye umande. Halafu zikaja za juu ya jabali: fundi amepanua mikono kama anataka kuruka. Na nyuma ya fundi, amejibanza kwenye ufa wa mwamba, mashavu yamejaa, wifi. Mkononi ameshika nusu ya mkate, na karatasi iliyoufunga ina herufi ya kwanza ya jina la fundi, kubwa, kama Mama alivyoiandika mwenyewe alfajiri.

"Nyani," alisema fundi.

Wifi alifunika uso kwa viganja. "Mama, tafadhali, ifute hiyo."

"Kufuta sijafundishwa," Mama alijibu, na kwa kidole ambacho hakikusita hata kidogo akabonyeza kitufe cha kuikuza, akaigeuzia familia ile waione vizuri.