Pipa la Maji Mekundu

Maji yaligeuka mekundu mbele ya mtaa mzima, na hapo hapo nikajua tumeshindwa.

Kaka yangu Nicolas alikuwa bado ameinama juu ya pipa, fimbo ya kukorogea mkononi, uso umejaa furaha kama bwana harusi. Hakuwaona akina mama wakirudi nyuma. Mama Husna, jirani yetu, alimvuta mtoto wake na kusema polepole, "Ile ni damu ya maiti."

"Ni kutu tu, mama," Nicolas alisema. "Mungoje mupaka kesho, itashuka chini."

Hakuna aliyengoja.

Kisima chetu kiko chini ya mteremko, na juu yake kuna kliniki yenye chumba cha maiti. Huku Baraka mtu hazikwi mpaka mtoto wake wa kwanza afike, awe Lubondja au ng'ambo ya ziwa, na barabara zetu mnazijua. Kwa hiyo maiti hutiwa formoli isioze, kisha sakafu huoshwa, na maji hayana pengine pa kwenda ila bondeni. Mwaka ule kisima kilianza kutoa harufu ya kuchoma pua. Nicolas, anayefundisha kemia, alizunguka kwenye misiba akiwaomba watu wazike mapema. Walimsikiliza kwa adabu, wakamkaribisha chai, wakaendelea kungoja.

Ndipo akayageukia maji ya kisima yenyewe, akayachota na kuyajaza pipani. Aliomba unga wa chuma kwa wachomeleaji wa milango, akakamua malimau, akamimina maji ya oksijeni, ile dawa ya vidonda inayotoa povu. Chuma, alinieleza, huiamsha dawa, nayo ikishaamka huivunja formoli vipande vipande mpaka isiwe formoli tena. Mwishoni alitia majivu kupunguza ukali wa malimau, na hapo ndipo kutu ilipojitokeza. Shuleni alikuwa amelifanya jambo hili ndani ya chupa, peke yake, na rangi haikumsumbua. Mtu wa vitabu. Unachota maji chini ya chumba cha maiti, unayageuza mekundu mchana kweupe, halafu unawaomba watu wanywe.

Asubuhi yake maji yalikuwa meupe, hayana harufu. Nicolas alikunywa kikombe, nami nikanywa. Yalikuwa matamu. Mama yetu alituangalia kutoka mlangoni, ndoo kichwani.

"Kunywa, mama," Nicolas alimwomba. "Mi mutoto yako siwezi kukuua."

"Najua, mutoto yangu. Lakini roho inakataa. Maji ya maiti, bantu habakunywake."

Akaenda ziwani kama wenzake wote, pale pale wanapofulia na vyoo vinapomwagikia. Nilikasirika, kisha nikachoka kukasirika. Nicolas aliendelea kukoroga pipa lake kwa ajili yetu wawili tu, na watoto wa mtaa wakalipita kwa mbali. La kuvunda halina ubani.

Tifoide ilimwingia mama mvua zilipoanza. Hata kitandani, midomo imepasuka, aliuliza kila kikombe kimetoka wapi kabla hajakigusa. Nilimchukia kwa hilo, na nilimpenda, na sikujua nifanye nini na mambo hayo mawili. Alikufa Jumapili, watu wakiwa misani.

Placide, yaya yetu, yaani mkubwa wetu na mtoto wake wa kwanza, alikuwa Kazimia. Ziwa lilikuwa limechafuka na hakuna mwenye boti aliyekubali kuondoka. Tulimpandisha mama mteremko.

Willy, anayetunza chumba cha maiti, alivijua vizuri vita vya Nicolas. Maneno mangapi walikuwa wametupiana. Siku ile hakumcheka. Alisimama na dumu lake la formoli, macho chini.

"Prof, tutie ao tuache?"

Nilimwangalia kaka yangu. Nilitaka aseme tunamzika leo, na niliogopa asije akasema hivyo kweli. Alimfunika mama miguu kwa kitenge, akakinyoosha, akakinyoosha tena.

"Tia," alisema. "Tia mingi. Yaya Placide iko mbali."

Willy alipoanza kuosha sakafu, nilitoka nje. Sikutaka kuona maji yanaelekea wapi.