Milia Isiyoonekana

Tik.

Sauti ndogo, kavu, mle gizani. Mama Chiriku alidhani ni birika linapoa jikoni, akaendelea kukodolea kompyuta macho yaliyokuwa yakiwasha kama yametiwa pilipili.

Nje ilikuwa saa tisa alasiri, jua limepamba moto. Humu chumbani alikuwa ametundika mablanketi mawili dirishani na kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo. Jaribio lilitaka giza.

"Wifi," mdogo wa mumewe, fundi cherehani, aliita kutoka upande wa pili wa mlango, "mablanketi yangu yanarudi lini? Au ndiyo mmeamua kuwa popo?"

"Nipe saa moja, wifi."

"Hiyo saa moja ulishanipa asubuhi. Mbona haiishi?"

Mama Chiriku alirudisha macho kwenye kompyuta. Miaka miwili ya masomo ya jioni, mtoto akisinzia kwenye dawati la nyuma, ilikuwa imempatia kibarua cha miezi mitatu katika maabara ya macho ya chuo. Alitakiwa aunde jaribio la kupima watoto wanaweza kuona milia hafifu kiasi gani. Programu ya kuundia majaribio ilikuwa ya bure: unapanga visanduku, hiki cha picha, hiki cha muda, hiki cha sauti, kisha unaomba Mungu visigombane. Kila raundi kioo cha kompyuta kinakuwa kijivu. Raundi nyingine milia inatokea, kufumba na kufumbua imepotea. Nyingine hakitokei kitu. Mtoto akiiona, anabonyeza kitufe kirefu. Akipatia, kengele ndogo inamlilia kwenye hedifoni kumpongeza.

Kengele ilikuwa wazo lake mwenyewe. Alijua watoto wanavyochoka. Na ili isichelewe, aliiagiza kompyuta iwashe njia ya sauti mapema, ikiwa bado kimya, katika kila raundi yenye milia, sekunde moja kabla ya milia yenyewe kutokea.

Watoto kumi na wawili walipimwa. Wote walipatia karibu kila raundi, hata zile ambazo daktari mkuu wa maabara alijaribu mwenyewe bila hedifoni, akatoka hajaona kitu.

"Hawa ni watoto au paka?" alimwuliza jana, bila kucheka. "Sisemi umepika matokeo. Lakini Jumatatu uniambie kosa liko wapi. Ukilipata, tutawaita watoto upya na wewe utaendelea nasi. Usipolipata, binti yangu, sitakuwa na la kukutetea."

Tangu asubuhi alikuwa akipekua. Alipima mwanga wa kioo. Alikagua mpangilio wa raundi, labda unajirudia na watoto wameukariri, lakini haukujirudia. Alifungua kila kisanduku akakifunga, akakifungua tena, mpaka akawa anasoma neno moja mara tatu bila kulielewa.

Chiriku alikuwa mapajani mwake. Ana miaka mitano, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haujui likizo, ila leo hata yeye alikuwa amechoka. Waya wa hedifoni za nyumbani aliutafuna siku nyingi, kwa hiyo mama alichomeka spika ndogo, kuukuu, kando ya kibodi.

"Raundi kumi tu, mwanangu. Halafu tunatoka."

"Kumi za kweli, au kumi za mama?"

"Za kweli."

Safari hii aliipunguza milia mpaka mwisho kabisa, sifuri. Kompyuta ingejua kwamba ipo. Jicho la mtu lisingeweza. Hapa kila mtu angebahatisha tu. Akaanzisha, akaegemeza kidevu kwenye nywele za mtoto.

Kijivu. Kidole kidogo kikabonyeza, kengele ikalia. Kijivu tena, kidole kikatulia. Kijivu, kidole kikabonyeza, kengele. Kule jikoni birika likafanya tik, kidole kikabonyeza tena.

Kumi kwa kumi.

Machozi yalimjia, ya uchovu tu. Akapitisha kiganja usoni mwa mtoto kumfuta jasho, na kiganja kikakuta kope zimefumbwa.

"Umelala?"

"Silali."

"Umefumba macho tangu lini?"

"Tangu zamani. Yanauma."

Mama Chiriku hakukiondoa kile kiganja. Alitazama kioo kisichokuwa na kitu, akaitazama ile kumi kwa kumi.

"Sasa unajuaje wakati wa kubonyeza, mama yangu?"

Mtoto akanyoosha mkono gizani, akapapasa mezani mpaka akaishika spika.

"Hii ikilia tik, nabonyeza."