Mtoto wa Bela

Mwaka 1949 meneja wa shamba moja la mkonge upande wa Rudewa alihamishwa. Alimwachia mpishi wake, Kasiani, kazi ya kumtafutia makao mtoto wa mwisho wa Bela, mbwa wake jike mkubwa wa ulinzi. Baba alikuwa mbwa wa kambini tu.

Kasiani alizunguka kambi nzima. Wakata mkonge waliitazama ile miguu minene ya mtoto wa mbwa, wakakataa. Bela alikuwa amewauma wengi, na Anselmi, wa nyumba ya mwisho, alikuwa na kovu lake mguuni. Lakini mkewe, Verdiana, alimpokea yule mbwa mikononi.

“Unamjua mama yake?” Anselmi aliuliza.

“Namjua. Yule alifundishwa kuuma watu. Huyu hajafundishwa kitu.”

Anselmi alimgeukia Kasiani. “Basi mwache, mpishi. Akimuuma mtu, utamchukua.”

“Nitamchukua,” Kasiani alisema.

Hakuitwa kumchukua. Mbwa alikaa pale miaka kumi, akakua na watoto na kuwafukuza fisi bandani kwa mbuzi. Anselmi hakumpapasa hata siku moja, ila kila alipokwenda safari ya mbali alimwita waende wote.