Mvua Aliyoitupa Phinées

Phinées hakumwamini mtu. Mke wake Kanyere akimwekea ugali mezani, alimtazama kwanza usoni kabla ya kunawa. Jirani akimsalimu asubuhi, "Wavukire," alijiuliza huyu leo ananitaka nini. Tusimwonee bure, kazi yake ndiyo iliyomfundisha hivyo. Alikuwa mfunga mvua, na mfunga mvua wa Butembo hana rafiki. Ana wateja, basi. Na wateja wenyewe huja kwa mlango wa nyuma, wakitazama huku na huku kama padri hapiti barabarani.

Lakini kati ya watu wote aliowashuku, hakuna aliyemkosesha raha kama Mama Hulda wa Mulekera, kule Beni. Huyo naye alikuwa mfunga mvua, peke yake kama yeye, hana mwanafunzi wala mwenzake wa kazi. Walikuwa wamekutana mara moja tu, kwenye mazishi. Kilichomkera Phinées ni kwamba yule mama hakujisifu. Watu wakimshukuru kwa siku kavu, eti anajibu, "Mimi nimeomba tu, Mungu amesikia." Eti ameomba! Phinées alicheka kwa hasira kila aliposimuliwa. Mtu anayejua kazi na hasemi kwamba anaijua, huyo anaficha kitu. Ndivyo alivyoamini, na ukimbishia angekutoa nyumbani kwake.

Sasa, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, tajiri Lévi, muuza mabati, alikuwa anaoza binti yake. Mwezi wa kumi! Nani mwenye akili zake anaoza mtoto mwezi wa kumi, wakati Butembo nzima ni matope? Lakini Lévi alikuwa amekwisha kukodi mahema na kualika watu hata wa kutoka Goma, kwa hiyo akamtuma dereva wake kwa Phinées. Kwenye karatasi ya programu wakamwandika "fundi wa umeme," ili mapadri wasiulize maswali.

Alfajiri Phinées akaingia nyuma ya jiko la Lévi, akauchomeka mchi ardhini kichwa chini, akauzungushia majivu, akasema maneno yake. Kazi ile ina sharti moja kubwa. Tangu mchi unapoingia ardhini mpaka mgeni wa mwisho anapotoka, mfungaji haogi wala hanywi. Maji hapana, pombe hapana, hata mchuzi hapana. Kitu cha majimaji kikipita kooni, mvua imefunguka, na hakuna ajuaye itaangukia wapi. Phinées alikuwa amelishika sharti hilo miaka ishirini na sita.

Saa nane mchana wingu jeusi likapanda juu ya mahema. Wageni wakaanza kushikana mikono na kutafuta watoto wao. Halafu upepo ukageuka, wingu likasukumwa kaskazini, upande wa Beni, jua likawaka juu ya keki. Vigelegele! Na kichwa cha Phinées kikavimba. Angebaki jikoni kama siku zote, yote yangepita salama. Wapi! Alitoka na majivu yake mpaka kwenye nyusi, akaingia katikati ya hema, akamnyang'anya mwongoza sherehe mikro ya kusemea.

"Banangu! Munafikiri ile mvua imeenda yenyewe? Ni mimi nimeitupa! Nimeitupa Beni! Ule Mama Hulda wa Mulekera, kama anajua kazi, aifunge sasa!"

Hema zima likaangua kicheko. Simu zikainuliwa juu. Mpaka jioni video ile ilikuwa imefika Beni, Lubero, Kasugho, kila mahali penye mtu mwenye simu na muda wa kupoteza.

Mvua nayo ilifika Beni kabla ya video. Ilinyesha Mulekera masaa matatu bila kupumua. Korongo lililokuwa nyuma ya avenue moja likapasuka, likameza nyumba tatu na mashamba ya maharagwe yaliyokuwa karibu kuvunwa. Ukuta ukamwangukia mama mmoja, Gracieuse, ukamvunja mkono. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Lakini watu walipotoka matopeni wakafungua simu zao, wakamwona Phinées anajisifu.

Jumapili mchana simu ya Phinées ikalia. Aliyepiga alikuwa Ézéchias, chef wa avenue ile ya Mulekera, yaani mkubwa wa mtaa, mtu wa sauti ndogo.

"Papa Phinées, bavijana hapa banauliza. Ile mvua, ni wewe uliitupa kweli?"

Jamani. Angesema, "Hapana, nilikuwa najivuna tu," jina lake la miaka ishirini na sita lingekufa siku ile ile. Angesema, "Ndiyo," vijana wa Mulekera wangepanda pikipiki na kumfuata. Phinées akaona mlango wa tatu, akapita mbio.

"Mimi niliitupa mu pori, chef. Mu pori! Hapana kwa batu. Ule mama yenu ndiye aliifungua hapo kwenu, sababu ya wivu. Mumuulize yeye."

Akakata simu, akajiona mwerevu. Kanyere, aliyekuwa anachambua maharagwe mlangoni, hakuinua macho.

"Papa Shalom," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "huyo mama umemuua na kinywa."

"Wewe uko upande wa nani?"

"Niko upande wa kupika," Kanyere akasema, akabeba ungo wake akaingia ndani.

Na alikuwa amesema kweli. Kufika Jumatatu vijana walikuwa wamevunja mlango wa Hulda na kumpiga. Ézéchias akawahi, akamfungia ndani ya bureau yake, ofisi ya mtaa, eti amemkamata, kumbe amemficha. Vijana wakampa chef mpaka Jumatano saa sita mchana. Wakasema Phinées aje mwenyewe, yeye fundi, aseme mbele ya watu kama ni Hulda aliyeifungua mvua. Akisema ndiyo, wao wanajua cha kufanya. Bidoni ya esanse, dumu la mafuta ya kutia pikipiki, ilikuwa imewekwa kando ya ngazi za bureau. Kila mtu aliiona, na hakuna aliyeuliza ni ya nini.

Ujumbe ulipomfikia, Phinées aliapa kwamba haendi. Aende kufanya nini? Lakini Jumanne simu ikalia tena. Namba ilikuwa ya Ézéchias, sauti ilikuwa ya mwanamke.

"Phinées, ni Hulda. Niliona ile video yako."

Phinées akaikaza simu sikioni.

"Mukono wa kuume ulishika mikro. Mukono wa kushoto ulishika nini?"

Phinées akatafuta kiti. Alijua ulishika nini. Lévi mwenyewe alikuwa amempa glasi ya bia, baridi, ya pongezi, na yeye kwa utamu wa vile vigelegele akapiga mafunda mawili kabla ya kusema neno la kwanza. Mchi ukiwa bado ardhini. Wageni wakiwa bado kwenye viti. Tangu siku ile alikuwa anajiambia kwamba hakunywa, alilowesha midomo tu. Watu wote walioitazama video ile waliona mtu na bia yake. Mfunga mvua peke yake ndiye angeliona kosa.

"Umeambia nani?" akauliza.

"Hakuna mutu," Hulda akasema, na simu ikakatika.

Basi mashaka yakaanza kumla. Kwa nini hajasema? Neno moja tu, "muangalie mukono wake," na angekwenda zake nyumbani. Mtu aliye karibu kuchomwa moto hanyamazi bure. Huyu ananingoja nifike, aniumbue mbele ya watu. Ao amekwisha kuwaambia, na wanataka nijilete mwenyewe. Phinées alizunguka ndani ya nyumba mpaka Kanyere akamwambia atoke, anamtia kizunguzungu. Asubuhi ya Jumatano akaamua. Atakwenda, tena mapema, na atamshitaki Hulda kabla hajafungua kinywa. Akishashitakiwa, nani atamsikiliza habari zake za glasi?

Ndiyo, aliamua hivyo. Sikufichi.

Ndani ya taksi ya Beni alimshuku kila abiria. Mwanamume mmoja alimtazama mara mbili, mara tatu, naye Phinées akaishusha kofia mpaka puani. Kumbe yule mtu alikuwa anamchunga kuku wake aliyefungwa miguu chini ya kiti cha Phinées.

Alifika saa tano na nusu. Uwanja wa mbele ya bureau ulikuwa umejaa. Vijana wakampisha, "Papa, karibu, pita," na heshima ile ilimtisha kuliko matusi. Akaiona bidoni. Ézéchias akamwingiza ndani, akafunga mlango.

Hulda alikuwa ameketi kwenye kiti pekee kilichokuwamo, mdomo umevimba, jicho moja halifunguki. Alipomwona akainuka kwa shida.

"Kaa, papa. Umetoka mbali."

Phinées hakukaa. "Juu ya nini haukusema?"

"Niseme nini?"

"Glasi! Usinichezee, mama. Ungesema, bangekuacha."

"Bangeniacha mimi, bangekufuata wewe. Ile esanse haiwezi kurudi bure, nabajua batoto ba hapa." Akashika ubavu wake, akavuta pumzi. "Mimi niko na miaka makumi sita na tisa, Phinées. Naogopa kufa, lakini sitaki kupona na maneno kama yako."

Phinées akamtazama usoni. Alikuwa hodari wa kusoma nyuso, alizisoma maisha yake yote akitafuta hila. Alitafuta kejeli, akatafuta mtego, akatafuta hata chuki, maana chuki angeielewa. Hakuona kitu. Aliona mwanamke aliyechoka, anayeogopa, tena aliyepigwa kwa sababu yake. Aibu ikampanda mpaka akageukia ukuta.

"Ni saa sita," Ézéchias akasema.

Phinées akatoka kwenye ngazi. Wa kwanza mbele yake alikuwa Gracieuse, mkono kwenye plasta, mtoto mgongoni.

"Sema, papa," Gracieuse akasema. "Ni nani?"

Maneno aliyokuja nayo kutoka Butembo yalikuwa tayari ulimini. Akafungua kinywa, yakatoka mengine.

"Ni mimi. Mufunga mvua hapana kunywa mpaka bageni baende, na mimi nilikunywa. Bia. Mutaiona ndani ya video. Ile mvua ilikuwa yangu. Mama Hulda hakufanya kitu. Nilimusingizia, juu nilikuwa naogopa."

Kijana mmoja kule nyuma akaichungulia simu yake, akasema, "Kweli, glasi hii hapa." Mwingine akainama, akaishika bidoni. Phinées alitaka kukimbia, lakini hakukuwa na njia ila kupita kati yao.

Ndipo kicheko kikatoka nyuma yake. Hulda alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kizingiti kwa mikono miwili, anacheka na ule mdomo wake uliopasuka, damu ikimshuka kidevuni.

"Ee Phinées! Hata kwa kuomba musamaha unajivuna! Mvua yote ile, ya mwezi wa kumi, ya Beni nzima, eti yako? Juu ya mafunda mawili ya bia?" Akawageukia watu. "Banangu, munataka kuchoma huyu? Huyu? Kufunga kinywa chake mwenyewe imemushinda, sasa mvua ataifunga na nini?"

Mtu mmoja akacheka. Halafu wawili, halafu safu nzima ya nyuma. Gracieuse hakucheka. Akamsogelea Phinées mpaka akaisikia pumzi yake.

"Mimi siko nacheka. Unijibu. Unaweza kufunga mvua, ao hapana?"

Phinées akaitazama bidoni, akamtazama Hulda. Hulda alikuwa ameinamisha kichwa, hakumsaidia. Akisema ndiyo, amekwisha kufa. Akisema hapana, ni uongo mwingine wa kujiokoa, kama ule wa Jumapili. Miaka ishirini na sita ikampita kichwani, siku kavu zote na siku za mvua alizozitafutia sababu, na hakuweza kushika hata moja akasema hii ilikuwa yangu.

"Sijui," akasema. "Kweli, mama. Miaka yote hii, sijui."

Na akalia, mtu mzima, mbele ya vijana. Hapo uwanja ukalipuka. "Hajui!" "Fundi hajui!" Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na yule wa bidoni akaitua ili apate kufuta macho. Simu zikainuliwa tena. Gracieuse akatema mate mbele ya viatu vya Phinées, akageuka, akaenda zake bila neno. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakiigizana ile sauti ya "sijui," hamu ya kuchoma mtu imewaisha. Ézéchias akaibeba bidoni haraka, akaifungia ndani.

Wakabaki wawili kwenye ngazi. Phinées alijua kwamba kabla ya jioni Butembo nzima itakuwa imemwona analia, na hakuna tajiri atakayemtuma dereva kwake tena. Mama huyu alikuwa amemwokoa na kumuulia jina lake kwa maneno yale yale. Na mashaka, ambayo hayakuwahi kumwacha hata siku moja, yakarudi.

"Mama Hulda," akasema. "Ile ulisema, ilikuwa juu ya kuniokoa, ao ni vile unanionaka kweli?"

Hulda akajifuta damu kwa ncha ya kitenge.

"Yote mbili," akasema. "Sasa unipe mukono, nishuke hizi ngazi."

Phinées akampa mkono. Wakashuka polepole, ngazi kwa ngazi.