Nyati wa Toroli

Kwenye karatasi za ofisi niliandikwa mfagiaji wa njia. Kazi yenyewe ilikuwa kuichafua.

Njia hiyo ya kutembea kwa miguu inaanzia kwenye kibanda cha chai cha mama mdogo, inaingia msituni, inazunguka kilima, inarudi pale pale kibandani. Kilometa sita. Mgeni analipa getini, anapewa fimbo na mwongozaji, anakwenda kuona wanyama. Wanyama hawakuambiwa. Mwaka wa kwanza kitabu cha wageni kilijaa maneno ya kusikitisha. Mmoja aliandika: "Tumetembea saa tatu, tumeona mjusi." Wa chini yake akaandika: "Sisi hata huyo mjusi hatukumwona."

Makao makuu wakaleta barua kwamba njia isipopata wageni hadi mwisho wa mwaka itafungwa, na walioajiriwa kwa ajili yake watafute shughuli nyingine. Walioajiriwa ni mwongozaji na mimi. Mama mdogo hakuajiriwa na mtu, lakini chai yake ilinywewa na wageni wa njia tu, na mimi nilikuwa nakaa kwake.

Mkuu wa hifadhi alikuwa mtu mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka kwenye mifuko. Siku moja akaniita ofisini, akaanza kuzungumza na dirisha.

"Binti, unawajua nyati wa ng'ambo ya mto?"

"Nawajua, Mkuu."

"Hawavuki."

"Hawavuki. Kingo za mto zimesimama kama ukuta."

"Sasa mgeni hamwoni nyati. Sawa. Lakini hawezi hata kuona kwamba nyati kapita?"

Nikasubiri. Mkuu alikuwa mtu wa kusubiriwa.

"Toroli lipo stoo," akasema.

Ndivyo nilivyoanza. Saa kumi na mbili asubuhi navuka daraja la mbao na toroli, naliacha nyuma ya vichaka, napanda juu ya jabali nakaa. Nyati hafukuzwi, anasubiriwa. Wanakunywa maji, wanasimama muda mrefu bila sababu yoyote, halafu mmoja anakumbuka jambo, wote wanaondoka. Hapo ndipo nashuka. Mavi ya nyati huwezi kuyazoa kwa koleo, yanavunjika. Nilikata kipande cha bati, nikawa nakipenyeza chini polepole, kama fundi anavyonyanyua tofali bichi. Nafunika kwa gunia lililoloa yasikauke. Nikifika kwenye njia naweka fungu moja, natembea hatua mia mbili, naweka jingine. Pengine naweka mawili karibu karibu, maana mnyama naye hatembei na rula.

Mwongozaji, tuliyemwita Spika kwa sababu akilishika neno halirudishi, alishauri tuchonge kwato za mti tuwe tunagonga na nyayo. Mkuu akakataa. Akasema huo sasa utakuwa udanganyifu.

Mambo yakaenda. Spika alikuwa akitembea anasimama ghafla, ananyanyua mkono, wageni wote kimya. Anachuchumaa, anaweka kiganja juu ya mavi bila kuyagusa. "Bado yana joto," ananong'ona. "Hajafika mbali." Wageni wanashikana mikono, hata wasiofahamiana. Kitabu kikaanza kusomeka vizuri. "Tumemkosa kwa dakika tano!" "Tutarudi na watoto." Mama mdogo akaongeza benchi la pili. Akimmiminia mgeni chai alikuwa anasema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa," na mgeni anaitikia kweli kabisa, akidhani anausifu msitu.

Sifa zikafika makao makuu, nao wakamleta mtaalamu.

Alikuwa dada wa umri wangu, mwenye buti na kofia, na daftari alilolifunga kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Kazi yake ilikuwa kuhesabu nyati bila kuwaona. Unahesabu mavi, unayapima kwa kipimo cha chuma, unaangalia ni ya lini, unapiga hesabu, unapata wanyama. Ni kazi halali, inafanywa sana penye misitu minene. Alinieleza yeye mwenyewe, maana Mkuu alinipanga nimbebee begi.

"Na toroli, Mkuu?" nikauliza.

"Ukiacha ghafla atajiuliza wamekwenda wapi."

Basi nikawa naamka mapema zaidi, naweka mavi, narudi kubeba begi la anayeyahesabu.

"Dada, hapa yapo mengi kweli," mtaalamu aliniambia siku ya pili.

"Yapo."

"Halafu ukitoka nje ya njia hatua kumi tu, huoni kitu."

"Huoni."

Akafikiri. "Wamezoea njia. Mnyama naye anapenda urahisi." Akaandika.

Jumatatu ilikuwa siku yangu ya mapumziko, akaenda na Spika. Jioni nilimkuta kibandani, chai imepoa mbele yake.

"Leo hakuna fungu jipya hata moja," akasema. "Na Jumatatu iliyopita hivyo hivyo."

"Ajabu," akasema mama mdogo, akanikanyaga mguu.

Mtaalamu akaandika muda mrefu, mpaka taa ikawashwa.

Hesabu yake ilitoa nyati arobaini na mmoja. Makao makuu wakamwandikia Mkuu barua ya pongezi, akaitia kwenye fremu, akaitundika juu ya kiti chake. Baada ya wiki tatu ikaja barua ya pili. Hiyo hakuitundika. Aliniita akanisomea. Ilisema nyati arobaini na mmoja ni wengi mno kwa njia ya watu wanaotembea kwa miguu, kwa hiyo, kwa usalama wa wageni, wapunguzwe kumi na tano kwa risasi. Wapigaji wangefika Alhamisi ya wiki inayofuata.

"Mkuu," nikasema, "nyati wako tisa."

"Nani kakuambia?"

"Nawaona kila siku."

"Unawaona ukiwa kwenye kazi gani?"

"Kazi yako, Mkuu."

Akaikunja barua vizuri kwenye mikunjo yake.

"Wakishapiga hao tisa watauliza sita wako wapi," nikasema.

"Watawatafuta."

"Hawapo."

"Ndiyo maana watawatafuta."

Nilitembea kwenda kibandani nikiwafikiria. Kuna jike lenye pembe iliyovunjika, hulala likitazama upande usio na kitu. Kuna dume zee linalokaa mbali na wenzake, halafu linakasirika wakiliacha. Wawili hawaachani, sijui ni ndugu. Sikuwapa majina. Nyati ukimpa jina haitiki. Lakini nilikuwa nimewatazama miezi mitano kutoka juu ya lile jabali na hawakuwahi kunifanya kitu, na kosa la kuwa arobaini na mmoja halikuwa lao.

Nikamweleza mama mdogo. Alikuwa anapanga vikombe.

"Hao nyati ni ndugu zako?"

"Hapana."

"Walikuja kwenye msiba wa mama yako?"

"Hapana, mama mdogo."

"Mimi nilikuja. Nikakubeba na kasanduku kako. Basi nyamaza."

"Watauawa kwa sababu ya toroli langu."

"Kila anayekufa anakufa kwa sababu ya kitu. Nipitishie sukari."

Nikampitishia. Alikuwa na haki yake. Njia ikifungwa, kibanda kinabaki katikati ya pori kikisubiri mjusi aje kunywa chai.

Jumanne mtaalamu akarudi, kuwawekea wapigaji alama mahali pa kujificha. Alifunga vitambaa vyekundu kwenye miti kandokando ya njia yote, kwa kipimo. Ningeweza kuviacha vile vitambaa vifanye kazi yake, wapigaji wakae siku tatu wakisubiri nyati wasiokuja. Lakini wapigaji si wageni, hawatishwi na mavi. Wangevuka daraja siku ile ile ya kwanza.

Jumatano kabla jua halijatoka nikagonga mlango wa nyumba ya kulala wageni.

"Dada, vaa buti."

Akavaa. Nikavuka naye daraja, toroli mbele. Tukapanda jabali, tukakaa. Nyati wakaja kunywa. Akawahesabu, nikamwona midomo inavyocheza. Akawahesabu tena.

"Wengine wanakuja saa ngapi?"

Wale tisa wakasimama bila sababu kama kawaida yao, wakaondoka. Nikashuka, nikapenyeza bati, nikanyanyua, nikaweka kwenye toroli, nikafunika gunia. Mafungu manne. Nikavuka nayo. Alinifuata nyuma. Kwenye njia nikaweka la kwanza, nikatembea hatua mia mbili. Nikaweka la pili. Kwenye la tatu akakaa chini.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili."

"Kila siku?"

"Jumatatu napumzika."

Akalitoa daftari kwenye nailoni, akafungua mahali, akaniangalia.

"Niliandika ukurasa mzima kuhusu Jumatatu," akasema. "Makao makuu waliusifia."

"Pole, dada."

"Ulinibebea begi siku kumi na moja! Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza ni mangapi. Hukuniuliza yamefikaje." Niliposema hivyo nikasikia aibu, kwa sababu lilikuwa jibu la mjanja na mimi sikuwa mjanja, nilikuwa naogopa. Nikaongeza, "Nilihofia kazi."

"Na sasa huhofii?"

"Nahofia. Lakini kesho ni Alhamisi."

Akakaa pale mpaka nzi wakalizoea buti lake. Ripoti ile ilikuwa ya kwanza kutoka na jina lake. Alinieleza hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekueleza duka liko wapi. Halafu akapiga simu makao makuu. Wakamsikiliza, wakamwambia alete kwa maandishi. Akaandika mara mbili, nakala moja akaondoka nayo kwa gari la maji, nyingine akanipa.

"Wakifika kabla sijawapata wakubwa, mpe kiongozi wao."

Walifika saa mbili asubuhi, watu watatu na bunduki tatu. Kiongozi wao alikuwa mzee kidogo, mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kamba. Mkuu aliwapokea mbele ya ofisi. Nikasogea, nikatoa karatasi kwa mikono miwili. Mkuu aliniona, akajua. Mzee akavaa miwani, akasoma polepole, akarudia mstari mmoja.

"Mkuu, hapa pameandikwa nyati waliletwa na toroli."

"Mavi yao," nikasema.

"Nimeelewa, binti." Akamgeukia Mkuu. "Kibali changu kina muhuri. Hiki kikaratasi hakina. Mimi natumwa na muhuri. Lakini wewe ndiye mwenye hifadhi, nakuuliza: ni kweli au si kweli?"

Kama angesema si kweli, ningekuwa msichana mwenye toroli, basi. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, fremu inaonekana ukutani. Mkuu akaitazama, akajipapasa mfuko wa shati kama anayetafuta kalamu.

"Ni kweli," akasema.

"Nani aliagiza?"

"Mimi. Huyu binti alikuwa anatumwa tu."

Mzee akavua miwani. "Nimetumwa kupiga simba," akasema. "Nimetumwa kupiga viboko. Niliwahi kutumwa kumpiga tembo, nikamkuta kafa wiki mbili nyuma, na bado wakataka nimpige ili faili lifungwe. Lakini hili la leo, hapana." Akawaambia wenzake watoe risasi kwenye bunduki. Wakaenda kwa mama mdogo, wakanywa chai vikombe viwili viwili, wakaondoka.

Yaliyofuata yalifuata kwa utaratibu. Mkuu alihamishiwa kwenye stoo ya matairi ya magari ya serikali, ambako nasikia yapo yote na yanaonekana. Mtaalamu alipewa barua ya onyo. Spika akapata kazi ya kutangaza safari stendi, na watu wanasema wanapanda basi lake hata kama hawaendi huko. Njia ikafungwa kwa kamba na kibao. Mimi nilipewa mkono wa kwaheri na karani, akaniuliza kama nimerudisha bati. Nilikuwa nimelirudisha.

Mama mdogo hakuzungumza nami siku nne. Alisema "sogea" na "shika hapa", maana tulikuwa tunabomoa kibanda. Tulitoa misumari moja moja, tukainyoosha kwa jiwe, tukaitia kwenye kopo. Mabenchi yote mawili tukayabeba kichwani hadi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, na njia nzima nikitazama visigino vyake ambavyo havikugeuka hata mara moja.

Siku ya tano, tukiwa tunakula, akasema bila kuinua macho:

"Kesho uamke saa kumi na moja. Kuna mwenye ghala la maharage anatafuta mtu wa kuchambua. Nimemwambia nina mtoto ana macho."

"Asante, mama mdogo."

"Ukikuta mawe humo, yatoe tu. Usianze kuuliza nani kayatia."

"Sawa, mama mdogo."

Akaacha kula, akaniangalia.

"Umeitikia haraka mno," akasema.