Mwaka Tulipopigia Kura Makaa ya Mawe

Mama yangu, Mal-lye, na Bae Gwang-sik walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, enzi zile shule yetu ya Dalmari ilipokuwa na watoto mia mbili na kengele yake ikisikika mpaka kwenye mashamba ya vitunguu saumu. Mama alidai Gwang-sik alimwibia penseli. Gwang-sik alidai aliazima. Ugomvi huo ulidumu zaidi ya miaka sitini, na sikumbuki mlo hata mmoja waliokula pamoja bila kuugusia.

Mwaka ninaousimulia, wote wawili walikuwa wamevuka sabini na wote walikuwa wamefiwa na wenzi wao. Gwang-sik alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Mimi, Seon-im, nilikuwa nimerudi kutoka mji wa Changwon baada ya kiwanda cha nguo nilichokuwa nashona kufungwa. Nilisema nitakaa mpaka vitunguu vivunwe tu. Mpaka leo nipo.

Kila asubuhi Gwang-sik alitutangazia habari kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya paa la ukumbi wa kijiji. Alikohoa kwanza, akapuliza, kisha akasema nani amefariki, mbolea inafika lini, na mbuzi wa nani amekula kabichi za nani. Asubuhi moja ya Juni, tukifunga vitunguu mafungu mafungu, alikohoa mara tatu. Mama akaacha kufunga.

"Huyu ana jambo," akasema.

Kampuni moja ilitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kwenye hori letu la bahari, palepale wanawake wa Dalmari wanapochimba kome maji yakipwa. Mwezi wa Oktoba, wilaya nzima ingepiga kura ya kukubali au kukataa.

Siku hiyo hiyo tulikusanyika ukumbini, wanaume upande wa feni, wanawake upande wa jikoni kama kawaida yetu.

"Tumebaki kaya thelathini na moja," Gwang-sik alisema. "Shule ilifungwa zamani. Mtoto wa mwisho kuzaliwa hapa sasa yuko jeshini. Mnataka niwe natangaza misiba mpaka nibaki peke yangu? Wangu atautangaza nani?"

"Utautangaza mwenyewe," mama akajibu. "Si unaipenda hiyo sauti yako."

Watu wakacheka. Gwang-sik hakucheka.

"Sifanyi mzaha, Mal-lye. Jae-hun amesema kazi ikipatikana hapa atarudi."

Jae-hun alikuwa mwanawe wa pekee, mchomeleaji wa vyuma katika mji wa Ulsan. Nilicheza naye utotoni. Alikuwa na kawaida ya kuning'inia juu ya mti wa shule na kuimba kwa sauti mbaya mno.

"Arudi, halafu ale nini?" mama akauliza. "Majivu?"

Tangu siku hiyo waliacha kusalimiana. Majirani waligawanyika, hata ndugu kwa ndugu. Palipandishwa mabango mekundu ya kukataa na ya kijani ya kukubali, na bibi mmoja jirani yetu alipandisha yote mawili ili asimuudhi mtu.

Agosti kampuni ikatuletea basi twende kuuona mtambo wao mwingine, mwendo wa saa nne. Kila mtu alipewa taulo na kopo la maji ya mapera. Mama alikataa taulo, kisha akageuka akachukua mbili. "Moja ya kufutia jasho, moja ya kufutia masizi," akasema, kwa sauti ya kutosha kumfikia Gwang-sik kiti cha mbele.

Mtambo wenyewe, nisiseme uongo, ulikuwa msafi. Palikuwa na bustani ya maua, vijana waliovaa kofia nyeupe, na bomba refu lililotoa kitu cheupe ambacho kijana mmoja alituambia ni mvuke. Chakula cha mchana kilikuwa samaki wa kuchoma, wali na supu nzuri. Wazee wetu walianza kutikisa vichwa kwa kuridhika. Hapo mama akanifinya.

"Nipeleke chooni."

Hatukwenda chooni. Tulipita lango la nyuma, tukavuka barabara, tukaingia katika kijiji kilichokuwa upande wa pili wa uzio. Mama alitembea polepole akichungulia nyua za watu, mpaka akasimama.

"Seon-im, unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Ndiyo hivyo. Agosti hii, hakuna ua wenye pilipili."

Kwetu mwezi huo huwezi kupita njia bila kukanyaga mkeka wa pilipili nyekundu. Pale nyua zilikuwa tupu. Mwanamke mmoja wa makamo ya mama alikuwa anaosha ngazi zake kwa maji na brashi. Mama akamsalimu.

"Dada, pilipili zako zimekwenda wapi?"

Yule mwanamke alitutazama taulo zetu, akajua tumetoka wapi. Alifungua mlango wa chumba, tukapigwa na ukali wa pilipili mpaka macho yakatoka machozi. Alikuwa amezitandaza sakafuni, akawasha moto wa chini ya sakafu, ule wa kupasha chumba wakati wa baridi, katikati ya joto lile, madirisha yote yamefungwa.

"Nje zinashika vumbi jeusi," alisema. "Mnunuzi akipangusa moja kwa kidole, haji tena."

Gwang-sik akatokea pale, anahema, shati limelowa. "Mal-lye, basi zima linakungoja. Ukija kuzeeka utakuwa mtu gani?"

Kisha akakiona kile chumba. Akamuuliza yule mwanamke kwa adabu, kama anayeuliza habari za mgonjwa, "Dada, walikudanganyeni?"

"Hapana, kaka. Walisema watajenga barabara, wakajenga. Walisema kazi zitakuwepo, zikawepo. Mwanangu anafanya kazi humo ndani."

"Basi anaishi nawe."

"Anaishi mjini. Mkewe hataki mtoto alale huku, anakohoa. Barabara ni nzuri, kwa hiyo anakuja na kuondoka siku hiyo hiyo."

Kwenye basi la kurudi watu waliimba, kwa sababu kampuni ilitoa pombe ya mchele. Gwang-sik hakuimba. Alikaa na taulo lake magotini, akilikunja na kulikunjua.

Tulimngoja atangaze alichokiona, lakini asubuhi zilipita za mbolea na za mbuzi. Mama alimwita mwoga mbele ya watu. Wiki moja kabla ya kura, tukipanda vitunguu vya mwaka ujao, Gwang-sik akakohoa kwenye kipaza sauti, akasoma karatasi ya kampuni mwanzo hadi mwisho. Tulidhani amemaliza. Kisha akasema, "Na mimi na Mal-lye tuliingia nyumba moja kule. Pilipili zinakaushwa chumbani, madirisha yamefungwa. Nimesema niliyoyaona. Kila mtu apige kura yake."

Tulipigia kura katika shule yetu ya zamani. Madawati yalikuwa bado yamepangwa ukutani. Mama alilitafuta lao, akalipata, akalipapasa kwa kiganja, kisha akaingia kupiga kura.

Wilaya ilikataa kwa tofauti ya kura mia mbili na kidogo. Mama alirukaruka uani kama msichana, na siku tatu nzima alikuwa akipika na kugawa. Kwa Gwang-sik hakupeleka kitu. Yeye alijiuzulu uenyekiti, akajifungia ndani.

Novemba tulipotia kabichi chumvi na pilipili kwa ajili ya baridi, mama alijaza mtungi mmoja zaidi. "Beba," akaniambia. Tulimkuta Gwang-sik amekaa kizingitini, ndevu zimeota.

"Jae-hun amenunua nyumba Ulsan," alisema kabla hatujakaa. Halafu akasema, "Mal-lye, nilipiga kura ya kukubali. Nilikwishaona yale yote, na bado nilikubali. Nilipoishika ile karatasi nikamwona mwanangu anaingia pale langoni pangu."

Niliogopa mama atamwambia nini. Mama alichana jani la kabichi kwa mkono, akalikunja, akamtia mdomoni kama mtoto.

"Nilijua," akasema. "Tafuna. Chumvi imekolea?"

"Imezidi."

"Hukuwahi kujua kula wewe."

Miaka saba waliishi hivyo, wakitembeleana na kutukanana. Kaya thelathini na moja zikawa kumi na nne. Mara nyingine nilipopita mbele ya shule nilijiuliza kama Gwang-sik hakuwa na haki pia, na mama aliponiona nimesimama pale hakuniuliza nawaza nini.

Mama alifariki mwezi wa tatu, kabla ya kome kunona. Siku ya maziko Jae-hun alikuja kutoka Ulsan na mvi zake, akabeba jeneza upande mmoja.

Mwaka huu, Aprili, Gwang-sik aliniomba nimpeleke horini. Magoti hayamruhusu kuchimba tena, basi nilimkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikainama matopeni. Maji yalikuwa yamekwenda mbali sana.

"Chimba pale kushoto," alielekeza. "Mama yako alikuwa anaanzia pale."

Nikahamia kushoto. Kome walikuwepo, wengi, wanene. Tulikaa mpaka maji yalipoanza kurudi, kisha nikampa mkono ainuke.