Pipa la Bwana Fauchère

Kwa miaka sita Firmin Cantegrel alikuwa na pipa moja asilomwonyesha mnunuzi yeyote. Alilijaza kwa zabibu za kile kipande cha juu cha shamba tu, penye mizabibu mikongwe, akaulaza mvinyo wake ndani ya mbao mpya za mwaloni mpaka ukanenepa mdomoni. Nyumbani waliliita pipa la Bwana Fauchère, maana mkosoaji huyo wa mvinyo ndiye pekee aliyeonjeshwa. Alikuja kila Aprili, mvinyo ukiwa bado mapipani, akatoa alama zake kwa mia, akaenda zake. Wanunuzi walikuja kupata chupa miaka miwili baadaye, nazo zilikuwa na mchanganyiko wa shamba zima, mzuri lakini si ule. Msijifanye kushangaa. Huku kwetu kandoni mwa mto Dordogne, Firmin hakuwa peke yake.

Mwaka huu funguo za ghala zilikuwa kwa binti yake Maïlys, na Maïlys alikuwa amelimimina pipa lile lote kwenye mchanganyiko tangu Februari.

Firmin aliwaka. Alimwambia kwamba amewatilia mchanga kwenye kitumbua, kwamba madalali wa Bordeaux hawauzi mvinyo, wanauza namba, na bila alama tisini hakuna atakayepokea hata simu yao. Mavuno yote yangelala ghalani, na shamba lingeishia mikononi mwa kampuni ya bima iliyokuwa ikilimezea mate. Yote hayo Maïlys aliyajua. Kwamba mvinyo wenyewe ungeshindwa, hilo ndilo lisilomwingia akilini.

"Ataonja kile tunachouza," alisema. "Basi."

Bwana Fauchère alifika Jumanne saa tatu asubuhi, na glasi zake mwenyewe kwenye kisanduku. Mwembamba, hana tai, hajipaki marashi, na ole wake atakayemkaribia akinukia. Wiki hiyo alikuwa na mivinyo mia nne ya kuonja. Maïlys alimchotea kutoka pipani. Alinusa, akavuta funda pamoja na hewa, akalizungusha mdomoni, akatema kwenye ndoo bila kudondosha hata tone. Kisha akarudia.

"Mmeshuka," alisema. "Nimezoea kuwapa tisini na nne, tisini na tano. Huu ni themanini na tisa. Safi, umetulia, lakini ule unene wenu umekwenda wapi?"

Firmin, aliyesimama mlangoni, alidakia kwamba huenda umechotwa vibaya, pipa lilitikiswa. Ndicho kisingizio chetu sote. Maïlys alimkatiza baba yake kwa mkono, akaleta chupa iliyovishwa soksi hadi shingoni, lebo isionekane.

"Nionjee na huu."

Fauchère alionja. Mkavu kidogo, alisema, mwaminifu, themanini na saba. Wa jirani?

Maïlys akaivua ile soksi. Ilikuwa chupa yao wenyewe, ya mavuno ambayo Fauchère aliyapa tisini na tano.

"Uliouonja mwaka ule haukuingia chupani, Bwana Fauchère. Lilikuwa pipa moja, lako peke yako. Baba alikuwa akikupikia."

Firmin alikaa juu ya kreti, akajifunika uso. Aibu ilimchoma kweli, mtu aliyeheshimiwa bonde zima. Fauchère naye aliwiva masikio.

"Unajua nikiyaandika haya hamuuzi hata chupa moja?"

"Na wewe nani atakusoma?" Maïlys hakupandisha sauti. "Miaka sita umewasifia watu kitu ambacho hawakunywa. Hukurudi hata siku moja kufungua chupa. Hayo ni yako na dhamira yako. Mimi nakuomba uuonje huu tena, kama hujawahi kusikia habari ya lile pipa."

Fauchère angeweza kufunga kisanduku chake akaondoka, na Firmin aliamini ndivyo atakavyofanya. Lakini alinyoosha glasi. Safari hii alikaa nao mdomoni muda mrefu, macho kwenye sakafu, na alipomaliza hakuinamia ndoo. Alimeza. Fauchère kumeza, asubuhi ile, mbele ya watu! Aliandika kitu kwenye daftari, akaaga kwa kichwa, akatoka.

Ijumaa jarida la Fauchère likatoka, na Maïlys akasoma kwa sauti mezani. Tisini na mbili. Chini yake Fauchère alikuwa ameandika kwamba anafuta alama zote sita alizowahi kuipa nyumba ya Cantegrel, kwamba alidanganywa kwa sababu ya uvivu wake mwenyewe, na kwamba mvinyo wa nyumba hii ameuonja mwaka huu kwa mara ya kwanza.

Firmin alilichukua jarida akasoma tena mwenyewe, kidole kikifuata mistari. Simu ikaanza kuita. Ilikuwa namba ya dalali wa Bordeaux. Mkono wa Firmin ulikwenda, ukarudi.

"Pokea wewe," alisema kwa sauti ndogo. "Ataniuliza ukoje, nami sijauonja. Nilikasirika, nikakataa kuuonja."

Maïlys aliiacha simu iite, akashuka ghalani kumchotea baba yake glasi.